Daftari la Vitanda

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ofisi wala kiti. Mkuu wa Chuo, mzee aliyezoea kutoa maagizo akiwa ameshika kitasa cha mlango, alinikabidhi daftari lililochakaa pembe akasema, "Matroni, hii ndiyo kazi yako. Kuimba waachie wengine." Nikadhani ananitania.

Chuo chetu cha Biblia kiko nje kidogo ya mji wa Kitale. Kila likizo ndefu ya Agosti wanafunzi kama thelathini walichelewa kwenda makwao. Kwanza walizunguka majuma matatu wakihudumu kwa nyimbo makanisani, kutoka Kitale kuteremka hadi Bungoma, na kumalizia Lwakhakha mpakani. Hawakulala hotelini. Walilala majumbani mwa waumini, wawiliwawili, na daftari lile ndilo lililosema nani alale kwa nani. Tuliliita daftari la vitanda. Nililibeba miaka ishirini na miwili, hadi nilipostaafu mwaka jana.

Bosi wangu wa karibu alikuwa Mkurugenzi wa Muziki, mtu mwembamba aliyetembea na uma wa sauti mfukoni, kile chuma chenye meno mawili unachokigonga kwenye goti kikakupa noti ya kuanzia wimbo. "Ukiwalaza vibaya Jumamosi, mimi nitasikia Jumapili," aliniambia wiki ya kwanza. Na kweli alisikia. Alikuwa akimsimamisha msichana wa sauti ya kwanza katikati ya mazoezi na kuniambia, mbele ya wote, kwamba huyu amelala karibu na moshi. Nilimwogopa mtu huyu, sitaficha.

Wiki mbili kabla ya ziara nilitangulia peke yangu, kanisa baada ya kanisa, kukagua nyumba. Safari hiyo tuliiita utangulizi. Nilitazama kitanda, blanketi, choo, na mbwa kama yupo. Nilijifunza haraka kwamba waimbaji wawili wa besi, ile sauti nzito, hawawekwi nyumba moja, maana watapiga gumzo mpaka wenyeji wajute. Nyumba inayopakana na kinu cha posho haiwafai waimbaji wa sauti ya kwanza kwa sababu ya vumbi la unga. Na upande wa Bungoma mgeni huchinjiwa kuku, kwa hivyo ukimruhusu mwanafunzi kutembelea nyumba tatu mchana mmoja, jioni atasimama mbele ya kanisa akiwa hana pumzi hata ya kusema amina. Kamukuywa nilipoteza safu nzima ya wanaume wa sauti ya tatu kwa namna hiyo. Walikuwa wameketi nyuma ya kanisa wakijishika matumbo.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa la kuku. Nililifanya Naitiri, mwaka wangu wa tatu.

Kulikuwa na mjane pale, Mama Wafula, mkulima wa mahindi na maharagwe. Mchungaji alipouliza nani atapokea wageni, yeye aliinua mkono kabla swali halijaisha, akaomba wasichana wawili. Nilipofika kwake kwa utangulizi mvua ilikuwa inanyesha. Nyumba ilikuwa ya udongo, safi, ila paa lilivuja juu ya kitanda hasa. Niliandika majina ya wasichana wawili wa sauti ya kwanza, tukanywa chai, nikaaga. Njiani nikaanza kufikiria jinsi baridi ingewashika vifua wale wasichana. Nikasimama chini ya kibanda cha sokoni, nikafuta jina lake, nikawahamishia kwa mfanyabiashara mmoja mwenye nyumba ya mawe na dari. Sikurudi kumwambia. Nilijiambia namwonea huruma, nampunguzia kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa sikio la Mkurugenzi.

Nieleze desturi ya kugawa wageni, kwa kuwa vijana wanaokuja hawataiona. Jumamosi alasiri, baada ya wimbo wa mwisho, wenyeji husimama wakiegemea ukuta wa kanisa. Matroni husoma jina la mwenyeji na la wageni wake. Mwenyeji huja mbele, hupokea mabegi ya wageni kwa mikono yake mwenyewe, kanisa hupiga makofi, nao hutoka. Siku ile nilisoma hadi mwisho nikafunga daftari. Ukutani alikuwa amebaki mtu mmoja. Mama Wafula alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, na kanisa zima lilikuwa linamtazama.

"Na wangu je, Matroni?" akauliza. "Si uliandika wawili?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tuliona tusimpe mzigo.

"Ati mzigo? Mimi nilikuambia ni mzigo?"

Hakupaza sauti. Aliinamisha kichwa kidogo, akatoka kwa mlango wa kando.

Asubuhi kabla ya ibada nilikwenda kwake. Ukuta ulikuwa umesiribwa upya. Chumbani palikuwa na magodoro mawili ya kuazima, na sabuni mpya ndani ya beseni. Nikainua macho. Juu ya kitanda palikuwa na bati moja jipya, linang'aa katikati ya mengine yenye kutu. Alikuwa amelipigilia katika zile wiki mbili. Kuku alikuwa bado ndani ya sufuria, hajaguswa. Alinipakulia akaniambia nile, na nikala. Niliomba msamaha. Alisema hakuna neno, kwa ile adabu ambayo mtu humpa mgeni asiyemjua. Afadhali angenitukana.

Nilimweleza Mkurugenzi wa Muziki yote. Alikaa akigeuzageuza uma wake. "Wangelala pale wakakohoa," akasema, "mimi ningenyamaza." Hilo ndilo jambo ambalo sikuwa nimelijua juu yake.

Tangu hapo, kila Agosti, jina la Mama Wafula nililiandika la kwanza katika ukurasa wa Naitiri, na kila mwaka alinijibu vilevile: "Mwaka huu nimechoka, Matroni." Kanisani alikuja, aliimba pamoja nasi, na kabla ya kugawa wageni alikuwa ameshaondoka. Mkurugenzi alistaafu. Mkuu wa Chuo naye alistaafu, akaja Mkuu mpya, mama kijana, akaamua kwamba wanafunzi walale katika nyumba za wageni zenye mlinzi. Sababu zake zilikuwa za maana, sikubishana. Kilichobaki ni ziara moja ya majumbani, na ilikuwa ya mwisho kwangu pia.

Siku hizi niko kwangu kwenye miteremko ya Elgon na ng'ombe wangu wawili. Wanafunzi wakija kunisalimia huniuliza ni wimbo gani ulikuwa mzuri kuliko zote, na huona ajabu nikisema sikumbuki nyimbo, nakumbuka vitanda. Wakikaa vizuri huwasimulia utangulizi wangu wa mwisho.

Nilimkuta Mama Wafula uani akipepeta maharagwe. Nikamwambia mwaka huu ndio mwisho, nami nataka kumwandikia wasichana wawili kama ile siku.

"Hao watoto hawakunikosea," akasema, bila kuacha ungo. "Wewe mwenyewe huwa unalala wapi?"

"Kwa mchungaji. Matroni hulala kwa mchungaji."

"Basi jiandike."

Jumamosi ilipofika nilisimama mbele nikasoma. Wenyeji walitoka mmojammoja na wageni wao hadi ukutani akabaki yeye peke yake, mzee sasa, na gauni ni lile lile. Nikasoma, "Mama Wafula. Mgeni wake ni Matroni Chemutai." Nililia, na sikujali nani ananiona. Alikuja mbele polepole, akachukua begi langu, na nilipotaka kumsaidia akalivuta upande wake.

"Lile bati limetoboka, Matroni," akasema. "Andika hiyo pia."

Daftari nilikuwa nimeshalifunga.