Vitambaa vya Maalim Matar

Mume wangu Matar alikuwa muadhini wa msikiti wetu hapa Ng'ambo, Unguja, na mchana akishona makubadhi barazani. Watu walimjua kwa sauti yake. Mie nilimjua kwa ukaidi wake.

Niliona kitu kimemuingia siku nilipomkuta anashona kakaa upande, kalio moja juu ya mto, jingine hewani, kama kuku anayeogopa mayai yake mwenyewe. Nikamuuliza. Akasema, "Bawasiri tu, Mwanamwema. Wazee wote wanayo."

Lakini saruni zake nnafua mie. Damu na utelezi kila nikifua. Na chooni haeshi, anakwenda anarudi, anarudi anakwenda, na kitu hakuna.

Nikamwambia aende hospitali. Yeye akaenda Jambiani kwa Msabah, mganga wa mizizi, akarudi na majani ya kuchemsha. Akawa anakikalia chungu, mvuke unampanda, nyumba nzima inanuka mvumbasi.

"Matar," nikamwambia, "hicho chungu hakina macho. Nenda katazamwe na mwenye macho."

"Atanitazama wapi?"

"Panapouma."

Akaninunia mpaka usiku.

Tatizo lenyewe nilikuwa nalijua. Tangu Mapinduzi madaktari wengi ni wageni, na huyu wa maradhi hayo ni Mchina. Anayemfasiria ni nesi Wanu, binti wa jirani yetu, na Wanu alisoma chuo cha Kurani kwa Matar, alifu bee te mpaka akahitimu.

"Mtoto niliyemtia bakora leo nimuinamie?" akasema.

"Bakora ulimtia wapi? Si huko huko? Basi zamu yako."

Nikenda kwa Wanu mwenyewe. Akaja na buibui lake, adabu zote. "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

"Kesho nakuja kukuchukua. Mie ntageukia ukutani, ntafasiri maneno tu."

Kesho yake Matar akaenda, na mie nyuma yake asije akakimbia. Daktari akatia kidole, akakata kinyama kidogo, kikapelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi tukaitwa. Saratani.

Wanu akafasiri taratibu, kaukodolea macho ukuta. "Daktari anasema Maalim una bahati. Ni kidogo, kiko chini, hakijachimba. Atakikata kwa huko huko chini na njia yako itabaki. Utakwenda choo kama watu. Halafu utakuja kila baada ya muda atazame, kikiota tena akione mapema. Lakini usichelewe. Kikishachimba hukatwa pote, panazibwa, unatobolewa tumbo, na choo chako kitatokea hapo mpaka kufa."

Unajua mwanamume huyu aliuliza nini? Hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Kutazamwa tena?"

"Naam, Maalim."

"Na weye utakuwepo?"

"Ntakuwepo."

Njiani akaniambia Ramadhani imekaribia, atarudi baada ya Idi. "Nani ataadhini?"

"Borafya yupo."

"Borafya ana sauti ya mbuzi."

"Mbuzi mzima," nikamwambia.

Idi ikaja, tukala. Mwezi wa Mfunguo mosi akasema kuna harusi. Mfunguo pili akasema mvua. Kila nikimkumbusha anaingia ndani na chungu chake, na Wanu akipita barazani yeye anainama kutafuta sindano ambayo haijapotea. Mpaka siku hata lile kalio moja halikukalika, akenda mwenyewe bila kuburutwa.

Daktari akatia kidole. Siku hiyo Wanu hakugeukia ukutani, alimtazama mwalimu wake usoni, machozi yanamtoka. "Kishachimba, Maalim. Njia haiwezi kubaki."

Wakampasua. Hai yuko hai, alhamdulillahi, hilo silikufuru. Lakini tundu liko tumboni, na muda wowote hutoa kinachotaka kutoka, si kwa ruhusa yake.

Akamwita shekhe wa msikiti ndani amuulize kuhusu sala. Shekhe akamwambia, "Weye una udhuru. Safisha, funga vizuri, tawadha kwa kila sala, usali. Na adhana haina hata sharti la udhu. Njoo uadhini."

Haendi. Anasema tumbo litalia katikati ya adhana. Basi Borafya anaadhini, na Matar yuko nyuma ya mlango anamsahihisha kwa mnong'ono. "Vuta hapo. Vuta, mbuzi weye."

"Nenda kavute mwenyewe," namwambia.

Na mie nnachana kanga. Kanga za foleni, kutwa nasimama juani dukani, nikirudi nazichana vipande vya kufungia tumbo la mtu aliyekataa kutazamwa tena. Asubuhi nafua, nachemsha, naanika. Yeye anataka niviwekee kamba ndani, nyuma ya pazia. Ndani havikauki, vinavunda. Naanika nje, barazani kwake, pale alipokuwa akishona.

Jana Wanu kapita. "Shikamoo, Bi Mwanamwema. Maalim hajambo?"

"Muulize mwenyewe, yumo ndani."

Wanu akasubiri kidogo, akenda zake kazini. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Mwanamwema, viingize hivyo. Watu wanaona."

"Waone," nikamwambia. "Ungekubali kuonwa mapema vingekuwa havipo."

Nikaanika kilichobaki.