Skrini Iliyovishwa Kitambaa

Kioo cha laptop yangu kilipasuka mwaka uliopita, kikabaki na ukanda mwembamba tu upande wa kushoto unaoonyesha kitu. Ndiyo maana nilinunua skrini ya nje, kubwa, ya mtumba, nikaiweka mezani sebuleni kwetu Kathonzweni. Asubuhi ya usaili nikachomeka waya kwenye laptop kama kawaida, skrini ikaandika kwamba haipati chochote, kisha ikawa nyeusi. Nilitamani kuizaba kofi.

Usaili ulikuwa wa kazi Mombasa, kazi ya kuajiriwa na ya kuhama. Tangu mama avunjike nyonga mimi ndiye niliyerudi kumtunza, kwa sababu sina mume, na ndugu zangu wana familia. Hupiga simu Jumapili wakitoka kanisani, wakaniombea nguvu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto mzuri, na kazi ile ndiyo njia pekee niliyoiona ya kutoka.

Nikazima laptop, nikaiwasha tena. Nikaenda kwenye mipangilio kutafuta skrini ya pili, nikivuta kila kitu mpaka kwenye ule ukanda ili niweze kusoma, haikuwepo. Nikahamishia waya kwenye televisheni, picha ikaja safi kabisa. Basi laptop ilikuwa nzima, na waya pia. Nikaurudisha kwenye skrini, ukaingia kwa shida, na giza likabaki pale pale.

"Bado inakusumbua?" mama akauliza akiwa kwenye kiti chake.

"Mwaitu, hebu ningoje kidogo," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

"Hiyo kitu ilikuwa sawa juzi, wamama wakikuja kuomba."

Nikageuka. Wamama wa kanisa walipokuja kumwombea, mama aliwaagiza wavishe sebule nzima vitambaa vyake vya kufuma: viti, redio, televisheni, hata skrini yangu. Vitambaa hivyo huvitia wanga mpaka vikasimama vyenyewe. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekivuta cha skrini kwa hasira na kukitupa kwenye kochi.

"Kwani kuna mtu alichomoa waya wa skrini?"

"Ilikuwa inainua kitambaa. Wakatoa, wakapanga vizuri, wakarudisha."

Nikawasha tochi ya simu na kuchungulia tundu la waya nyuma ya skrini. Ndani kulikuwa na kipande cha uzi mweupe, kimejikunja, kigumu kama mwiba. Walikuwa wamechomeka waya juu ya uzi, nami nilipokivuta kitambaa uzi ukakatikia humo. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Wageni wale walikuwa karibu kunimaliza.

"Lakini skrini inavishwa ya nini, mwaitu?"

"Vitu zikikaa uchi, nyumba inakaa ya watu wanahama," akasema.

Sikuwa nimemwambia usaili ulikuwa wa kazi ya wapi. Nikazima stima, nikauchokonoa ule uzi kwa kibanio cha nyusi, ukatoka vipande vipande. Safari hii waya ukazama wote. Skrini ikawaka, na muda mfupi baadaye nyuso tatu nadhifu zikawa zinanitazama kutoka ofisini kwao.

Nilijibu vizuri. Najua nilijibu vizuri, maana mwanamke aliyekuwa katikati alianza kutabasamu. Hapo ndipo mama akanigusa mkono na kuonyesha mlango kwa kidevu. Alitaka kwenda msalani, na hilo haliahirishwi. Nikasogeza kiti taratibu mpaka karibu na chake, uso wangu bado kwenye kamera, akanishika bega na kuanza kujiinua pale ambapo hawakuweza kumwona.

"Kuna chochote nyumbani kinachoweza kukuzuia kuhamia Mombasa mara moja?" mwanamke yule akauliza, kwa Kiswahili ambacho mama anakielewa vizuri sana.

"Hakuna," nikasema, na mkono wa mama ukanikaza bega, maana asingenishika angeanguka.