Kiswahili Kilipomtoka Boke

Isidori, Mzanaki wa Butiama, alimwoa Boke, binti wa Kikurya, na kwa miaka thelathini na minne nyumba yao ya Kamunyonge ilikwenda kwa Kiswahili. Walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakalea watoto watano kwa Kiswahili. Lugha za kwao waliziachia misiba ya kwao.

Kisha kiharusi kikamwangusha Boke. Ulimi ulipofunguka, ulitoka na Kikurya kitupu. Siku tatu Isidori alikaa kando ya kitanda akimbembeleza, akimwuliza kama ana njaa, kama mguu unauma. Boke alimtazama machozi yakimlenga, akasema maneno ambayo mumewe hakujua hata moja.

Isidori akamwita Robi, Mkurya anayewaletea maziwa kutoka Nyasho. Robi aliinama, akasikiliza.

“Anasemaje?”

“Shemeji, anasema tangu aanguke hujamsemesha. Anauliza amekukosea nini.”

Isidori alishika ukingo wa kitanda.

“Nimeongea naye mpaka koo limekauka.”

“Kiswahili hakielewi tena. Na miaka yote hiyo hukujifunza hata salamu, shemeji?”

“Tulikuwaga na Kiswahili,” alisema, kama mtu anayeeleza nyumba iliyoungua. “Kilitutosha.”

Akamgeukia Robi.

“Nifundishe kumwambia sina hasira naye.”

Robi alitamka taratibu. Isidori akarudia, akayavunjavunja maneno yote. Boke akageuza kichwa, akamkazia macho, na kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii, akamsahihisha.