Muhali wa Embe Boribo

Harub bin Sleiman alikuwa mtu wa maneno machache na embe nyingi. Juni inapoingia na Maskati nzima inatoka jasho hata kivulini, wakulima wa Sib humwaga sokoni kila walichonacho: tende mbivu, ndimu, majani ya mbuzi, embe. Soko huanza baada ya sala ya alfajiri, na jua likishapanda watu wamekwishakimbilia viyoyozi vyao. Harub alikaa upande wa ukutani, makapu mbele yake, kisu na sahani ya kuonjesha pembeni. Hakunadi. Wateja wake wakimjua.

Walikuwa watu wetu hawa waliotoka Unguja na Pemba, wenye vyeo maofisini na nyumba Khuwair ya Kusini. Waliendesha gari mpaka Sib kufuata embe boribo, zile kubwa tamu za kwao. Mamake Harub alikuja na kokwa zake kutoka Pemba, kazifunga kwenye kanga, akazipanda katika kishamba cha mumewe karibu na pwani. Bibi huyo alipofariki, Harub, aliyekuwa karani wa serikali, aliomba kustaafu mapema ili aiangalie ile miti. Wenziwe walimcheka. Yeye aliona hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa, ya ofisini ilikuwa ya kupatia mkate tu.

Sasa kisima. Miaka ya tisini kila mwenye shamba pale pwani alitia pampu, na kadiri maji matamu yalivyovutwa ndivyo bahari ilivyoingia chini kwa chini. Kisima cha Harub kikaanza kuingia chumvi. Ncha za majani zikaungua, embe zikawa ndogo, chapwa, zenye ukakasi. Mtu mwengine angeonja moja akajua. Lakini Harub alikuwa na kisukari, na alikuwa mtiifu kupita kiasi: daktari alipomkataza embe, hakutia mdomoni hata kipande. Maji ya kunywa yaliletwa nyumbani na gari la maji, ya kisima yalikuwa ya miti tu.

Mkewe, Muhsina, alikuwa na kaka yake aliyeitwa Thani, mwenye shamba mbali na pwani, njia ya milimani, na kisima kitamu. Mwaka tisini na saba Thani alikuja akaitazama ile miti, akatikisa kichwa.

"Shemegi, mimi nna upande mzima mtupu. Lete kokwa uzipande kwangu kabla miti ya mama haijafa."

"Haifi," akasema Harub. "Zingekuwa mbaya, watu wangezinunua? Makapu yanakwisha jua halijapanda."

Hapo ndipo ninaposhikwa na hasira na watu wetu. Muhali ule! Mtu wa kwetu yuko radhi ameze shubiri kuliko kumwambia mwenziwe uso kwa uso kwamba kitu chake ni kibaya. Khole, mwalimu wa Khuwair, alikuwa akionja kipande, anafumba macho, anasema, "Mashaallah, Ami Harub, hizi hasa za kwetu!" Halafu anachukua kapu zima, na njiani anapitia kwa shangazi yake kuwamwagia mbuzi. Awadh wa benki alizisaga na kuzitia sukari mpaka zikasahau kama ni embe. Mbuzi wa Sib walinenepa miaka ile.

Muhsina naye alionja kila msimu, maana mumewe alimkatia kwa mkono wake na kusimama kumtazama. "Vipi?" "Tamu." Alijiambia atamweleza msimu ukipita, asimharibie furaha yake. Msimu ukapita, ukaja mwengine. Hawakuwa watu wabaya. Wangemchukia wangemwambia mapema.

Kiangazi cha elfu mbili na mbili akatokea sokoni mtu mmoja wa Dhofari, Bakhit, mgeni pale Sib, asiyejua habari ya Pemba wala ya boribo. Akapewa kipande, akatafuna, akatema pembeni. Akasema kwa Kiarabu, bila ya ubaya wowote, "Mzee, miti yako inakunywa chumvi. Hujui?"

Harub akacheka. Khole na Awadh walikuwa wamesimama pale pale na makapu yao. "Waulize hawa. Khole, mwanangu, mwambie."

Khole akafungua mdomo, akaitazama sahani. "Joto tu la mwaka huu, Ami."

"Na mwaka jana?"

Awadh akaanza kutafuta ufunguo wa gari, nao ulikuwa mkononi mwake. Harub akakata kipande kimoja, akakitia mdomoni, cha kwanza tangu alipokatazwa. Akatafuna, akameza. Kisha akayafunika makapu na kurudi nyumbani, na ilikuwa bado asubuhi.

"Muhsina, tangu lini?"

"Zamani."

"Mbona hukunambia?"

"Niliona muhali, Harub. Ulivyokuwa ukiusubiri msimu wenyewe!"

"Muhali na mimi, mumeo?" Akakaa kitako barazani akalia, mtu mzima yule, wala hakuficha machozi.

Thani alipopata habari alikuja mbio. "Shemegi, bado hatujachelewa. Embe za mwaka huu zina kokwa. Miti haitofika mwakani, lakini kokwa zitaota. Ule upande bado upo."

Harub akauliza, "Upo kweli, au na wewe unaona muhali?"

"Wallahi upo."

"Na Khole alikuwa akisema mashaallah."

"Nikuapie vipi tena, ndugu yangu?"

"Usiape. Ahsante. Mola akulipe." Akamtilia kahawa, wakaongea mambo mengine, na Thani akaondoka moyo umemvunjika.

Muhsina alimsihi: kaka yake anasema kweli, anamjua. Lakini neno la Muhsina ndilo lililokuwa halina thamani tena nyumba ile. Hata akisema chai ina sukari ya kutosha, Harub alionja kwanza. Zile kokwa zilikaa kwenye ungo jikoni. Muhsina alitamani kuzipeleka shambani kwa Thani yeye mwenyewe, bila ya kumwambia mtu, akafika mpaka kuvaa buibui. Akafikiri, nimemficha miaka yote ile, leo nifanye jambo jengine tena nyuma ya mgongo wake? Akaona muhali. Joto likazikausha, na kabla ya Ramadhani zikatupwa.

Kiangazi kilichofuata miti haikuzaa. Ikakatwa kuni. Pale ukutani sokoni akakaa muuza ndimu, na watu wetu wakawa wananunua embe za Pakistani madukani, na wanasema zile za Ami Harub hazina mfano.

Harub alifariki mwaka elfu mbili na sita. Siku ya tatu ya matanga Thani alinichukua, mimi niliyekuwa nikisaidia pale msibani, mpaka shambani kwake njia ya milimani kuteka maji ya wageni. Nyuma ya kisima palikuwa na kipande cha ardhi kilichopaliliwa vizuri, mashimo yamechimbwa kwa safu, hayana kitu. Nikateka maji, nikanywa. Yalikuwa matamu.