Mume Wangu Hakufunga Mvua

Inasemwa Majengo, na sasa maneno yamefika hadi Ipagala ninakoishi, kwamba marehemu mume wangu, Methusela Chilongani, alifunga mvua ya Ihumwa, kijiji cha kwao, ndani ya kibuyu, kwamba alikiri mbele ya wazee wa kwao, na kwamba kile chama chake cha Jumamosi kilikuwa chama cha wachawi. Hakufunga mvua. Hakukiri, kwa sababu hakuwa na la kukiri. Na chama chake kilikuwa cha watu wa mazingaombwe, wale wanaotoa kitambaa sikioni mwa mtoto na kupoteza yai kiganjani, watu ambao kazi yao ni kukudanganya huku unajua kwamba unadanganywa. Siku ya kikao kile cha wazee nilikuwepo. Wengi wanaokisimulia hawakuwepo.

Methusela alikuwa karani wa posta. Vidole vyake vilikuwa virefu na vyepesi, na alipobandika stempu ulidhani imeota yenyewe juu ya bahasha. Nilimfahamu pale dirishani, nikiwa mwalimu kijana, nimepeleka barua ya kwenda kwa mama yangu aliyekuwa Mpwapwa. Aliniambia barua haina stempu. Nikaitazama, kweli haina. Akaigeuza, ipo. Akaigeuza tena, haipo. Watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika nyuma yangu, naye uso wake mkavu kama wa karani yeyote mwenye kazi nyingi. Kesho yake nilirudi posta, na sikuwa na barua.

Nikimkumbuka sasa, simkumbuki akizungumza. Namkumbuka ameketi uani jioni, jua la Dodoma limelala juu ya ukuta, upepo unapitisha vumbi jekundu kidogo kidogo, naye anaviringisha sarafu moja juu ya vidole vyake, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, bila yeye kuitazama. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi karibu naye. Mara nyingine niliinua macho na kuona sarafu haipo, na mkono bado unatembea vile vile, kama mkono wa mtu anayeota.

Alipostaafu ndipo alipoingia katika Chama cha Mikono Myepesi. Mwenyekiti wake alikuwa Halfani, Mrangi wa Kondoa, anayeuza alizeti na mahindi Majengo hadi leo. Walikutana katika ghala lake kila Jumamosi, baada ya Halfani kutoka msikitini kuswali alasiri. Nilikwenda huko mara kadhaa kama mgeni, na sijaona mahali pengine kama pale. Mabati ya paa yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na jua lilipita humo likashuka kama nyuzi, na vumbi la nafaka likacheza ndani ya nyuzi hizo. Watu wazima walikaa juu ya magunia, mmoja fundi cherehani, mmoja dereva wa bajaji, mmoja muuguzi aitwaye Penina ambaye mayai yalimtii kuliko wagonjwa. Huku nje wapagazi wanapiga kelele na mizani inagonga. Mle ndani ilikuwa kama umezama chini ya maji ya dhahabu. Mtu alisimama katikati, akafungua mkono, na njiwa aliyekuwepo akawa hayupo.

Walikuwa na desturi yao. Aliyefaulu hakupigiwa makofi. Walimwacha kimya, kwa sababu kimya cha mtu aliyeduwaa ndicho wanachokitafuta. Makofi waliyaweka kwa ajili ya aliyeharibu. Penina alipoangusha yai, ghala zima lilimpigia makofi mpaka naye akacheka, akaomba yai lingine. Na walikuwa na kiapo kimoja, kwamba namna jambo linavyofanyika haiambiwi mtu wa nje. Zaidi ya hayo walikunywa chai ya tangawizi, wakatembeleana wakiugua, wakachangia harusi na misiba. Kama huo ni uchawi, basi mtaa wetu wote ni wachawi.

Kibuyu kilikuwa cha mama mkwe wangu. Enzi zake alikuwa akisukasuka maziwa humo, na baada ya kifo chake Methusela alikichukua Ihumwa akakaa nacho uani kwa muda mrefu, akikitengeneza polepole. Kilipokuwa tayari, mchezo wake ulikuwa huu. Alimimina maji yote, akakipindua, akakitikisa, hakuna hata tone. Akakiweka chini, akazungumza mambo mengine. Kisha akamimina tena, na maji yakatoka. Akakipindua, kikavu. Akangoja, akamimina, maji. Halfani aliniambia kwamba mara ya kwanza alipokionyesha ghalani, kimya kilikuwa kirefu hata wakasikia panya wakitembea juu ya magunia.

Sikukuu ya Krismasi mwaka ule alipokimaliza tulikwenda Ihumwa, na siku ya pili yake Methusela akaonyesha kibuyu katika uwanja wa kanisa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, watu wamepanda, uwele umeota mwembamba kama nywele za mtoto mchanga. Watoto walikuja kukinga viganja vyao, naye akawamiminia mmoja mmoja, maji yakimeta juani. Wanawake wa makamo walikitambua kile kibuyu, wakasema kwa upendo kwamba mama Methusela angali anawanywesha wajukuu. Ilikuwa siku nzuri. Naiona hadi leo kama kitu kilichoandikwa juu ya maji.

Baada ya siku hiyo mvua ikakata.

Aliyezaliwa katika nyanda zetu hahitaji kuelezwa. Mawingu yalikusanyika kila mchana upande wa mashariki, meupe, makubwa, yakasimama juu ya reli kama yanangoja treni, kisha yakayeyuka. Uwele ukajikunja. Ardhi ikapasuka mistari midogo. Na watu walipokaa kivulini bila kazi ya kufanya shambani, wakaanza kukumbuka. Yale maji yalitoka wapi? Mtu huyu alimimina maji yasiyo na chanzo, na tangu siku hiyo mbingu hazijatoa kitu. Sitawacheka. Kwetu maji hayatokei bure, na mtu anayeyatoa pasipo kisima ni lazima aulizwe.

Aliyekuja kuuliza ni mjomba wake Methusela, mzee Bartolomayo, ndugu wa tumbo moja na mama mkwe. Alikuja Ipagala kwa bodaboda, vumbi limempaka hadi kwenye nyusi. Alitusalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, tukamwamkia, akanywa maji, akakaa na bilauri mkononi akiitazama. Hakuja kwa ugomvi. Alieleza kwamba wazee wamekubaliana: Methusela aende na kibuyu, akifungue mbele yao kwa maneno ya kufungua, kuku achinjwe, yaishe. Hakuna atakayemdai kitu wala kumgusa.

"Sema tu umefungua," alimwambia. "Maneno ni upepo, mwanangu. Uwele wangu unakufa."

"Mjomba, nikifungua leo, nitakuwa nilifunga jana."

"Na usipofungua, Ihumwa si kwako tena. Wamesema hata kaburi."

Niliona mume wangu alivyogeuza uso. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuanza kumsumbua, daktari ameshamwambia apunguze kupanda ngazi, na mahali pake pa kulala alikuwa amekwisha kunionyesha: kando ya mama yake, penye mawe meupe. Kwa hiyo mambo yalisimama hivyo. Akiyasema maneno ya kufungua, atapata kaburi lake, na watoto wetu watakuwa watoto wa mfunga mvua. Akikataa, jina litabaki safi na yeye atazikwa ugenini.

Jumamosi aliwaeleza wenzake ghalani. Nilikwenda naye kwa sababu sikutaka atembee peke yake. Halfani alisikiliza, akavua kofia, akaishika magotini. Akasema chama kiko tayari kumwondolea kiapo. Awaonyeshe wazee kibuyu kilivyo ndani, mambo yaishe. Penina akaunga mkono, na fundi cherehani, na wote. Ilikuwa zawadi kubwa. Hawajawahi kumpa mtu mwingine. Methusela alishukuru, akakataa. Alisema wazee watadai ameleta kibuyu kingine. Nuru ile ya matundu ilikuwa ikimtembea begani.

"Na wale watoto," alisema. "Walikinga viganja, wakapata maji. Nikiwaeleza, watabaki na kibuyu tu."

Halfani akavaa kofia yake. "Basi tutakwenda wote," akasema, "tukakae nawe."

Kikao kilifanyika uani kwa mzee Bartolomayo, mchana, kati ya kinu na chanja ya kukaushia nafaka. Tulifika mapema. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Kisha pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo ikaingia, na juu yake wamo Mikono Myepesi wote, wamevaa makoti meusi ya maonyesho. Walidhani wanamheshimu mwenzao kwa kuvaa rasmi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mmoja karibu nami alimnong'oneza jirani yake kwamba yule mwenye ndevu ndiye mkubwa wao, tazama koti lilivyo refu.

Halfani alisikia. Akawaamkia wazee shikamoo, akajipangusa jasho.

"Wazee wangu," alisema, "joto hili na koti hili, kama tulikosa, tumekwisha adhibiwa."

Wachache walicheka, wengi hawakucheka. Mzee Bartolomayo akafungua kikao kwa sala, akaeleza shauri, akamtaka Methusela asimame. Alisimama. Kibuyu kiliwekwa juu ya kigoda mbele yake. Juu yetu mbingu zilikuwa nyeupe, hazina hata ndege. Aliambiwa afungue. Akabaki amesimama tu. Nilimjua, angesimama pale mpaka aanguke.

Mimi nilijua jambo moja ambalo wale wazee hawakulijua. Kibuyu kile kilikuwa kimekaa nyumbani mwangu, na siku moja jikoni nilikiinamisha bila kufikiri, nikalowesha ugali wote sinia nzima. Kilikuwa hakimchagui mtu. Nikainuka, nikakichukua, nikampelekea mzee Bartolomayo.

"Mkwe, kaa," alisema. "Hili ni la wanaume."

"Nitakaa, mjomba. Shika kwanza. Mimina."

Sijui kwa nini alitii. Pengine ni sauti. Nimefundisha muda mrefu. Alikiinamisha, maji kidogo yakatoka, yakaisha. Akakitikisa, kikavu. Akawaonyesha wenzake, wakaitikia kwa vichwa. Nikamwomba akiweke, nikazungumza nao kidogo habari za marehemu mama mkwe wangu, jinsi alivyokuwa akiwagawia maziwa wao wenyewe walipokuwa vijana. Kisha nikamwambia, "Mimina tena, mjomba."

Alimimina. Maji yakatoka, kibuyu kikiwa mkononi mwake mwenyewe, yakashuka polepole, angavu, yakamwagikia makobazi yake, yakatua vumbini. Hakuna aliyepumua. Ikapanda harufu ile ya udongo uliokauka unapoguswa na maji, harufu ya siku ya kwanza ya masika, ikajaza ua wote; niliona wanawake wakifumba macho kuivuta. Hata mimi kwa kitambo kile sikujua niko mwaka gani. Mzee alibaki ameinamisha kibuyu, anatazama maji kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali.

Aliyevunja kimya ni mkewe, bibi Hilda, aliyekaa karibu na kinu.

"Kumbe ni wewe, Bartolomayo," alisema. "Na uwele wangu unakauka."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Bibi Hilda hakutabasamu.

"Fungua basi, mume wangu, tule."

Hapo kicheko kikazunguka ua mzima, kikawafikia wazee, kikamfikia mwenye mkono wenye maji. Mzee mmoja alidai kuku alipwe na Bartolomayo. Mwingine akaomba naye ajaribu, na baada ya kungoja kidogo kikammiminia. Kisha akataka bibi Hilda, naye akapata. Kwa hiyo Ihumwa nzima ilikuwa imefunga mvua, au hakuna aliyeifunga. Mzee Bartolomayo alikiweka kibuyu juu ya kigoda kwa adabu, akasema mbele ya wote kwamba kinatoa maji, hakina mvua, na kwamba mpwa wake hana kosa. Kuku alichinjwa kwa ajili ya chakula tu. Makoti meusi yalitundikwa kwenye chanja, na Penina akawapotezea watoto mayai hadi jua lilipopoa.

Tulipoaga, mzee alimvuta Methusela kando, akamwomba amwambie yeye tu, mjomba wake, maji yanatoka wapi.

"Mjomba, hilo siwezi," mume wangu alisema. Wakashikana mikono muda mrefu.

Wanaosema mvua ilinyesha siku ile ile wanatunga. Haikunyesha. Ilikuja baadaye, haba, kwa wakati wake, bila kuulizwa na mtu. Uwele wa mzee Bartolomayo ulikufa, akapanda mtama upya, akavuna kidogo.

Methusela alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, upepo ukivuma. Alizikwa Ihumwa, kando ya mama yake, na udongo wa kwanza ulitupwa na mjomba wake. Mfunga mvua hazikwi hivyo.

Mwezi uliopita walinijia watu wawili wenye simu zao. Walisema niwaonyeshe kibuyu, nieleze kinavyofanya kazi, warekodi, watu waone, jina la marehemu lisafishwe. Niliwapa chai. Jina la marehemu halina uchafu wa kusafishwa. Yaliyotokea nimeyaandika yote. Maji yalitoka wapi, na kama mimi najua au sijui, sisemi, wala mtu asije kugonga mlango wangu kuuliza.