Nilichomwambia Padre Kuhusu Mwingereza

Asubuhi ile nilikuwa napepeta ulezi barazani, na Padre Danieli alikuwa anakunywa uji huku akiwasema Waingereza. Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Alikuwa Mmarekani, ila babu zake walikuwa Waayalandi waliokimbia njaa enzi Mwingereza anatawala kwao. Baba yake alipokuwa kijana, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mtaa wao mzima ulimwombea Mjerumani ashinde, ili tu Mwingereza apigwe. Mtaa wa pili, wa matajiri, walikunywa chai kama Waingereza na kuililia London. Halafu serikali yao ya Marekani ikaingia vitani upande wa Mwingereza, magazeti yakageuza maneno, na baba yake akapelekwa kupigana bega kwa bega na watu aliofundishwa kuwachukia. Alirudi akiwachukia vilevile.

"Mama Paskali," Padre aliniambia, "Mwingereza hakuombi kitu. Anasubiri umpe, na asante hasemi."

Nilicheka. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Ufipa hutuita sisi wa Sumbawanga wachawi, kwa hiyo nilijua fika maneno ya namna hiyo yanavyotungwa. Nilicheka hata hivyo.

Wakati huo vita vya Kongo vilikuwa vimefika ziwani. Misheni yetu ilikuwa juu, ukingoni mwa uwanda. Chini, ufukoni, Nesi Joan, Mwingereza, aliwatibu chini ya turubai watu waliovuka kwa mitumbwi. Mume wangu Deo alikuwa dereva wa misheni, na ndiye aliyewapandisha majeruhi. Wiki moja kabla ya asubuhi ile ya uji nilishuka naye kupeleka unga.

Boti ya wapiganaji ilitokea nyuma ya mitumbwi.

Risasi zilianza kabla Deo hajazima gari.

Alinisukuma chini ya kiti. Kioo kikapasuka. Nilimwona mwanamke ndani ya maji, mtoto mgongoni, anatembea taratibu kama anayekwenda kisimani. Kisha sikumwona tena.

Tuliporudi, Deo alinitoa vipande vya kioo kwenye nywele, akasema gari likipata kioo atashuka tena. Niliapa moyoni kwamba hatashuka.

Siku ile ya uji ilikuwa Jumamosi, na gari lilikuwa limeshapata kioo. Alasiri, Padre akiwa kanisani anaungamisha, redio ya upepo tuliyoitumia kuzungumza na watu wa ufukoni iliita. Alikuwa Nesi Joan, na Kiswahili chake cha polepole.

"Mama Paskali, nina majeruhi kumi na mmoja. Wengine hawataiona kesho. Mwambie Padre naomba gari leo. Naomba sana."

Nilisema nimesikia. Kisha nikachomoa waya wa betri.

Padre alipotoka aliuliza kama kuna habari za ziwani.

"Nesi anasema wanatosheka," nilimwambia. "Anasema hahitaji gari la Wamarekani."

Sikuwa na haja ya kutia chumvi zaidi. Uso ulimwiva, akatikisa kichwa, akasema baba yake hakukosea, akamtuma Deo apeleke mahindi Kaengesa. Ningemwambia hivyo kuhusu Mjerumani au Mfipa, angeniuliza mara ya pili. Kuhusu Mwingereza hakuuliza. Nilijua hatauliza, na aibu yangu inaanzia hapo.

Kesho yake adhuhuri Nesi Joan alifika kwa miguu, amepanda mlima wote, damu imekaukia kwenye gauni.

"Sita wamekufa," alisema. "Kwa nini hamkuja?"

"Wewe ulisema hutaki," Padre akamjibu.

Walitazamana. Kisha Padre akanigeukia.

"Mama Paskali, alisemaje?"

Deo alikuwa amesimama pale, funguo mkononi, mzima.

"Alisema wanatosheka."

Nesi alinitazama sana. Akamtazama Deo pia, na nadhani hapo alielewa yote. Akasema polepole, "Labda redio ilikwaruza. Labda sikusikika vizuri."

Alinisitiri. Padre akaninong'oneza, "Unaona? Hawakosi sababu."

Deo alishuka saa ileile, akawaleta watano waliobaki. Njia nzima hakusikia hata risasi moja. Mmoja wa watano hao alikuwa mama aliyekuwa akiita Furaha, Furaha, jina la binti yake. Kati ya wale sita, hilo ndilo jina pekee ninalolijua.

Nesi aliondoka mwezi uleule. Padre alifariki miaka mingi baadaye, bila kujua. Mimi hujiambia kwamba nilimwokoa mume, lakini sijui kama nilimwokoa na kitu chochote. Kumpenda si kosa. Ningeweza kusema kweli: Padre, naogopa, tafuta dereva mwingine. Yeye mwenyewe alijua kuendesha.

Sasa tunakaa Katandala, mjini Sumbawanga. Wajukuu wanashabikia timu za Uingereza kuliko za kwetu. Jumapili iliyopita Agripina, wa miaka kumi, alimwita babu yake aje waangalie mpira, naye akakataa kama anavyokataa siku zote.

"Siwashangilii wale," Deo alisema. "Waliacha watu wafe ziwani kwa kiburi cha kutoomba gari. Mimi ningeshuka."

Ni kweli, angeshuka.

Mtoto akanigeukia. "Bibi, Waingereza wako hivyo kweli?"

Deo alikuwa ananitazama, anangoja nimuunge mkono.

"Ndivyo walivyo," nilisema, na mtoto akanisadiki.