Chembe Zilizokataa Kuonekana

Kazi yangu ya shahada ya uzamivu ilikuwa kukokotoa uzito wa chembe ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Nadharia ya nyuzi inasema kila kitu, ukikichambua hadi mwisho, ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Nadharia nyingine, ya ulinganifu mkuu, inaongeza kwamba kila chembe tunayoijua ina mwenzake aliyejificha, mzito zaidi. Nilizichukua zote mbili, nikatabiri uzito wa hao wenza. Kule Ulaya wanasayansi wakawatafuta kwa mashine kubwa ya kugonganisha chembe. Patupu.

Profesa wangu hakushtuka. "Sogeza uzito juu kidogo," akasema. "Nadharia inaruhusu."

Nikasogeza. Wakatafuta tena, patupu tena. Ikawa ndiyo kazi yenyewe: wao kutafuta, mimi kusogeza.

Siku Profesa aliponipigia simu akitaka nisogeze tena, nilikuwa nyumbani Garissa, nimerudi kutoka Ulaya kumwuguza mama. Umeme ulikuwa umekatika na shati limenigandia mgongoni.

"Sitaweza, Profesa."

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Akasema hata yeye amechoka, ila amekaribia kustaafu na hana nguvu ya kuanza jambo jipya. Tukaagana kwa upole.

Mama alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, akisikiliza.

"Hooyo," akaniita, yaani 'mama', maana kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye. "Kile kitu chako kimepatikana?"

"Bado."

"Wanasemaje?"

"Wanasema huenda ni kizito kuliko tulivyodhani."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui, hooyo."

"Basi waambie hujui. Halafu ule, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

Sikurudi Ulaya. Mama alipata nafuu, nami nikapata kazi ya kufundisha fizikia chuoni, hapa hapa mjini. Mwaka jana mwanafunzi mmoja, msichana aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, alinyoosha mkono baada ya kunisikia nikisimulia habari hizi.

"Kwa hiyo mwalimu, ulikosea hesabu?"

"Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi. Ila ulimwengu, kadiri tulivyoweza kuupima, haukuonekana kuwa hivyo."

Akaliandika jibu hilo, kisha akauliza kama litatoka kwenye mtihani. Nikamwambia halitatoka. Nikafuta ubao, nikaendelea na somo la siku hiyo, msuguano.